Lori Likitetemeka, Usikimbilie Kununua Matairi

Tajiri mmoja, mwenye lori, alituletea gari lake gereji, Nyakato jijini Mwanza, akiwa ameshanunua matairi sita mapya. Mtetemo ulikuwa palepale. Dereva wake akaniambia maneno ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza: "Fundi, likifika themanini usukani umetulia kabisa, ila kiti kinavuma mpaka mgongoni."

Nikaingia chini, nikafuta tope kwa kitambaa kwenye propela shafti, lile bomba la chuma linalopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi ekseli ya nyuma. Zikaonekana alama mbili za mshale zilizogongwa kwenye chuma, pale shafti inapoingiliana kwa meno. Mishale hiyo hutakiwa kutazamana. Hii ilikuwa imepishana. Wiki chache nyuma lori lilikuwa limebadilishwa klachi kwingine, shafti ikavuliwa na kurudishwa bila kuweka alama. Tukaichomoa, tukaizungusha hadi mishale ikakutana, tukafunga. Matairi ya zamani hayakuwa na kosa lolote, na fedha ya tajiri ilikuwa imeshakwenda.

Hiyo ndiyo dhana inayoniuma kuliko zote: kwamba gari likitetemeka, dawa ni wili balansi, yaani kusawazisha uzito wa magurudumu, au tairi jipya. Ukweli ni kwamba mtetemo unajitaja wenyewe ukiusikiliza. Tairi la lori kubwa lina mzunguko wa kama mita 3.2. Kwenye kilomita 80 kwa saa linazunguka karibu mara 7 kwa sekunde. Difu, yaani giya za katikati ya ekseli ya nyuma, ikiwa ya 4 kwa 1, propela inazunguka mara 28 katika sekunde hiyohiyo. Kwa hiyo kosa la tairi au rimu utalihisi kama mtikisiko, tena likiwa la mbele usukani unacheza mikononi. Kosa la propela ni mvumo: unaingia kwenye sakafu na kiti, na kioo cha pembeni kinaanza kuonyesha picha yenye ukungu.

Dhana ya pili nimeisikia hata kwa mafundi wenzangu: shafti ni bomba tu, irudishe vyovyote ilimradi bolti zimekaza. Kila ncha ya shafti ina krosi, kiungo chenye umbo la msalaba kinachoiruhusu ijipinde. Krosi ikizunguka ikiwa imepinda haisukumi kwa mwendo sawa. Kila mzunguko inaharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Kazi ya krosi ya upande wa pili ni kuufuta huo mchezo, na inaweza tu kama uma za shafti, zile ncha mbili zinazoshika krosi, zimelingana na pembe za pande zote mbili zinakaribiana. Kipimo tunachofuata ni kwamba pembe mbili zisipishane zaidi ya nyuzi 1, na kila moja isizidi nyuzi 3 hivi. Isiwe sifuri pia, maana vile vijiti vidogo vya beringi ndani ya krosi visipojongea vinachimba chuma mahali pamoja. Siku hizi hata simu ina programu ya kupima mwinamo. Ilaze kwenye sehemu iliyonyooka ya giaboksi, kisha kwenye propela, kisha kwenye difu, uandike namba. Ni kazi ya dakika kumi.

Hapa ndipo kilipo kisa cha kuongeza majani ya springi "ili libebe vizuri". Msimu wa pamba ukifika, malori mengi huinuliwa nyuma. Tajiri anaona lori limesimama imara. Asichokiona ni kwamba ekseli imepanda au kushuka ukilinganisha na chesisi, pua ya difu imebadilisha mwelekeo, na pembe ya krosi si ile ya kiwandani tena. Baada ya safari kadhaa senta beringi, ile inayoshikilia shafti katikati, inalalamika, inabadilishwa, inakufa tena. Beringi haina hatia. Lori la springi za upepo nalo likichezewa vali ya urefu, ile inayopanga kimo cha lori, hupata ugonjwa uleule.

Dereva mwingine alishikilia kwamba lori lake limeharibika tangu aanze kupita Daraja la J.P. Magufuli, lile la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025. Zamani alikuwa anashuka taratibu kwenda kupanga foleni ya kivuko. Sasa anapita moja kwa moja juu ya sakafu laini, na kwenye sakafu laini sauti ya chini inasikika. Ugonjwa ulikuwapo siku nyingi. Mashimo yalikuwa yanauficha. Tulipofungua, kuzunguka kikombe kimoja cha krosi, kile kifuniko cha beringi kwenye ncha yake, kulikuwa na unga mwekundu, kama kutu iliyosagwa. Huo ni chuma kikavu kinachojila.

Naye aliapa kwamba krosi zilikuwa zinapigwa grisi kila wiki. Naamini. Lakini grisi haijafika mpaka uione ikitoka kwenye vikombe vyote vinne. Kimoja kikigoma, legeza bolti zake kidogo, sukuma tena, kisha kaza. Na krosi iliyokwisha kulika hairudi kwa grisi.

Kurushwa-rushwa ni jambo jingine, ingawa wengi hulichanganya na mtetemo na kusema "shokapu zimekufa". Mara nyingi naanza na upepo wa matairi: umejazwa wa mzigo na lori linarudi tupu kutoka Shinyanga. Kisha jani la springi lililokatika, bushi, pini zilizokauka. Inua gurudumu, shika chaki karibu na tairi na ulizungushe polepole; chaki ikigusa upande mmoja tu, rimu imepinda, au haikukaa sawasawa kwenye habu, pale inapofungwa kwa bolti, kwa sababu ya kutu na rangi.

Kabla hujafungua bolti hata moja, tafuta kipande tambarare kisicho na gari nyuma yako, usithubutu kwenye mteremko. Fikia mwendo unaoleta mtetemo, kanyaga klachi, acha injini itulie. Mtetemo ukiendelea vilevile, tafuta kwenye magurudumu au balansi ya shafti. Ukikatika papo hapo, tazama pembe, krosi, maunti zinazoshikilia injini, au injini yenyewe. Kisha simamisha lori, panda mizunguko ileile ya injini: likitetemeka limesimama, propela haihusiki.

Mwisho kuna "litafika tu, tutaangalia tukirudi". Krosi ikikatika mwendoni, shafti inadondoka ikiwa bado inazunguka, na jirani zake huko chini ni mabomba ya upepo wa breki. Nikiona ule unga mwekundu, namwomba dereva funguo, nampigia tajiri simu mbele yake. Mzigo unahamishiwa gari jingine.