Kocha Anapomfungia Mlango Mwandishi

Septemba 22, 2007, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma ilikuwa imetoka kuishinda Texas Tech 49 kwa 45. Kocha Mike Gundy akaingia kwenye mkutano na waandishi akiwa na gazeti mkononi, na habari za mechi hakuzigusa kabisa. Aliliinua lile gazeti, The Oklahoman, akaanza kufoka. Mwandishi wa safu, Jenni Carlson, alikuwa ameandika juu ya kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi, ambaye alikuwa amepokonywa namba. Aliutilia shaka ukakamavu wa kijana huyo, akasimulia jinsi alivyoonekana akilishwa kuku na mama yake. "Nishambulieni mimi," kocha akapaza sauti. "Mimi ni mwanaume! Nina miaka 40!" Akasema robo tatu ya makala ile si kweli, akaondoka bila kupokea swali hata moja.

Nikiwaonyesha wanafunzi wangu wa uandishi wa habari video hiyo, kwanza wanacheka, kisha darasa linagawanyika. Wapo wanaomwona kocha kama mzazi aliyemtetea mwanawe. Wengine wanauliza: robo tatu ipi? Gundy hakuitaja, na gazeti halikurudi nyuma. Kwangu mimi, ule mkasa wa kuku ulikuwa kejeli tu. Haukumsaidia msomaji kujua kwa nini kijana amekaa benchi. Lakini utetezi wa kocha nao uliisambaza kejeli ile nchi nzima. Safu ambayo ingesomwa na watu wa Oklahoma ikawa gumzo la Marekani, na baadaye mchezaji mwenyewe alisema hotuba ile ilimuumiza.

Ili kuuelewa ugomvi wa aina hii, msomaji aliyezoea ligi zetu aelewe kwanza ukubwa wa mchezo wenyewe. Hii ni futiboli ya Kimarekani, mpira wenye umbo la yai unaobebwa mkononi, na ngazi ya vyuo peke yake inajaza viwanja vinavyotushinda kuwaza. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Penn State unaingiza watu zaidi ya laki moja, ilhali mji wenyewe hauna hata nusu ya watu hao. Katika majimbo mengi, mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote ni kocha wa chuo, wa futiboli au wa mpira wa kikapu. Gavana anaachwa mbali.

Sasa mweke hapo mwandishi wa gazeti la mji. Wasomaji wake wananunua gazeti kwa ajili ya timu, na mlango wa timu anaushika kocha: nani aangalie mazoezi, kwa dakika ngapi, mchezaji gani aongee. Oktoba 2011 Steve Spurrier, kocha wa Chuo Kikuu cha South Carolina, alikataa kuendelea na mkutano maadamu Ron Morris, mwandishi wa safu wa gazeti la The State, yumo chumbani. Kisa ni safu iliyokuwa imeandikwa miezi kadhaa nyuma. Waandishi wengine wote waliokuwa mle ndani, bila shaka, walilipata somo.

Sababu inayotolewa mara nyingi ni kulinda siri za kambi: mpinzani asijue nani anachechemea. Ni sababu ya haki, mwandishi mwenye busara anaiheshimu. Ila tazama kilichotokea katika chuo cha Texas A&M mwaka uleule wa 2007. Kocha Dennis Franchione alikuwa mgumu kuwapa waandishi habari za majeruhi. San Antonio Express-News likagundua kwamba kulikuwa na jarida la siri lililotumwa kwa barua pepe kwa kikundi kidogo cha mashabiki wenye fedha, dola 1,200 kwa mwaka, na ndani yake mna habari zilezile za majeruhi na tathmini za wachezaji. Yaani goti la kijana lilikuwa siri kwa mwenye gazeti la senti chache, lakini si kwa mwenye dola 1,200. Chuo kikamkemea, jarida likafungwa, na Novemba akajiuzulu dakika chache baada ya kuifunga timu ya Chuo Kikuu cha Texas, mpinzani wake mkubwa.

Kisa hiki nakipenda kuliko vyote darasani, kwa sababu kinatupa swali la kuuliza kila mlango unapofungwa: ukimya huu unamlinda mchezaji, au unamlinda kocha?

Swali hilo lina uzito wake. Machi 31, 2011, The Patriot-News la Harrisburg, Pennsylvania, liliandika kwamba jopo la raia linalokaa kwa siri kuamua kama kuna kesi lilikuwa likimchunguza Jerry Sandusky, aliyekuwa kocha msaidizi wa Penn State, kwa tuhuma za kuwadhulumu watoto kingono. Mwandishi, Sara Ganim, alikuwa na miaka 23. Hakuipata habari hiyo kwenye mkutano wa kocha. Aliipata kwa kufuatilia polisi na mahakama. Ilipita miezi saba hivi bila nchi kushtuka. Novemba Sandusky akakamatwa, siku chache baadaye kocha mkuu Joe Paterno, aliyeifundisha timu kwa misimu 46, akafukuzwa, na mwaka 2012 Ganim na wenzake wakapewa Tuzo ya Pulitzer ya habari za mahali.

Northwestern, karibu na Chicago, kazi hiyo ilifanywa na wanafunzi. Julai 7, 2023 chuo kilimsimamisha kocha Pat Fitzgerald wiki mbili kwa sababu ya unyanyasaji wa wachezaji wapya, bila kueleza ulikuwa wa namna gani. Kesho yake gazeti la wanafunzi, The Daily Northwestern, likachapisha maelezo ya mchezaji wa zamani. Julai 10 kocha akafukuzwa. Na hapa haki itendeke pande zote: Fitzgerald alikana kujua, akafungua kesi, na Agosti 2025 wakapatana nje ya mahakama, chuo kikisema ushahidi haukuonyesha kwamba kuna mchezaji aliyempelekea malalamiko hayo. Hata gazeti lililofanya kazi nzuri haliwezi kumaliza mashtaka siku mbili baada ya kuchapisha.

Northwestern ni chuo binafsi, kwa hiyo sheria ya jimbo ya kuomba nyaraka haikigusi. Vyuo vya umma inavigusa. Mkataba wa kocha, kwa mfano, mwananchi ana haki ya kuuomba. Vyuo hujikinga kwa sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 inayolinda kumbukumbu za masomo, na baadhi huitanua mpaka inafunika mambo yasiyohusiana na masomo.

Hoja ya Gundy kwamba hawa ni watoto tu, wasiolipwa, imepungua nguvu. Tangu 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura zao, na tangu 2025 vyuo vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Kijana anayelipwa vizuri atakosolewa kama mchezaji wa kulipwa, ingawa mama yake na kuku wake bado ni mambo ya familia.

Kuhusu majeruhi, mlango umefunguka kutoka upande usiotarajiwa. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu majimbo kuhalalisha kubeti kwenye michezo. Wacheza kamari wakaanza kuwasumbua wachezaji na wahudumu wa timu wakitaka kujua nani hatacheza. Ili kuupunguza usumbufu huo, ligi ya vyuo ya Big Ten mwaka 2023, na ile ya SEC mwaka 2024, zikawalazimisha makocha kutangaza orodha ya wasiocheza kabla ya mechi. Mwandishi wa gazeti la mji, aliyeiomba orodha hiyo miaka na miaka akaambiwa ni siri ya kambi, sasa anaisoma mtandaoni saa ileile anayoisoma mtu wa mkeka.