Sandwichi ya mchana inayokufikisha jioni: gramu 30 za protini kati ya slesi mbili

Wengi wanaokuja kwangu kwa ushauri wa lishe hapa Dar wameacha wali wa mama lishe, siku hizi wanabeba sandwichi. Wanaamini wamepiga hatua. Nikimwomba mtu aifungue mezani tuitazame, ninachokiona ni kile kile: slesi mbili za mkate mweupe, mpako mnene wa mayonezi, jani la saladi, nyanya, na soseji moja iliyopasuliwa katikati. Ukipiga hesabu, mlo wote una gramu 12 hivi za protini, na karibu nusu ya hizo zimetoka kwenye mkate wenyewe. Ikifika saa tisa alasiri mhusika yuko kwa muuza maandazi, halafu anajilaumu kwamba hana nidhamu. Nidhamu haihusiki. Sahani ya wali maharage aliyoiacha ingemshibisha zaidi.

Mimi sina ugomvi na sandwichi. Ugomvi wangu ni na kiasi cha kitoweo kinachowekwa ndani yake. Watu wanabishana kuku au samaki, mkate wa brauni au mweupe, wakati swali la kwanza ni kitoweo kina uzito gani. Slesi moja ya ham nyembamba kama karatasi haina tofauti kubwa na kutoweka kitu.

Kiwango ninachowapa watu wazima wenye afya ni gramu 25 hadi 30 za protini kwa mlo wa mchana. Ripoti ya pamoja ya Shirika la Afya Duniani (WHO), Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa ya mwaka 2007 iliweka kiwango salama cha protini kuwa gramu 0.83 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Kwa mtu wa kilo 70 ni kama gramu 58. Sasa angalia siku ya kawaida ya mjini: asubuhi chai na chapati au maandazi, protini kiduchu, mchana chipsi, halafu usiku nyama ya kutosha. Mchana ukibeba nusu ya mahitaji, usiku haulazimiki kubeba kila kitu. Tena kwa kalori zile zile, protini hushibisha kuliko wanga na mafuta, na hiyo ndiyo faida utakayoihisi mapema zaidi. Mjamzito, mzee, na anayenyanyua vyuma mara nyingi huhitaji zaidi. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate hesabu zangu, azungumze na daktari wake kwanza.

Mkate nitaupitia haraka. Slesi mbili za mkate wa ngano nzima zitakupa gramu 7 hivi za protini, za mkate mweupe kama 5, na ule wa kwanza unakuongezea nyuzilishe. Lakini rangi ya kahawia isikudanganye, maana inaweza kuwa ni rangi tu. Soma orodha ya viambato: cha kwanza kiwe unga wa ngano nzima. Chapati ya unga wa atta iliyokunjwa nayo inafaa, mradi haikuogelea kwenye mafuta.

Sasa tuingie jikoni. Sandwichi ninayoifundisha zaidi ni ya jodari wa kopo na yai, kwa sababu haihitaji ufundi na inavumilia kutengenezwa usiku. Siri yake iko kwenye kile kinachoshikanisha samaki. Wengi hutumia mayonezi, ambayo kijiko kikubwa kimoja kina kilokalori 90 hivi na protini karibu na sifuri. Weka vijiko vitatu, ambavyo huingia bila mtu kujua, na umeongeza kalori zaidi ya slesi nzima nyingine ya mkate bila kupata kitu cha kujenga mwili.

Badala yake ninatumia mtindi uliokamuliwa. Chukua mtindi usio na sukari, umimine kwenye kitambaa safi kama kile cha kuchujia tui, kifunge, kiweke juu ya chujio lenye bakuli chini, na ukiache kwenye friji usiku kucha. Asubuhi bakulini kutakuwa na maji yenye unjano wa kijani, na ndani ya kitambaa kumebaki kitu kizito kinachosimama kwenye kijiko bila kudondoka. Kiasi kitakuwa kimepungua karibu nusu, kwa hiyo protini ya kila kijiko imeongezeka. Yale maji usiyamwage, kandia chapati. Mtindi wenye ladha ya stroberi au vanila haufai hapa, una sukari, na sandwichi ya samaki yenye vanila sitaki hata kuifikiria.

Yai liingie kwenye maji yaliyokwisha kuchemka, likae dakika 10, kisha litumbukie kwenye maji baridi. Ukilisahau jikoni utaona duara la kijani kuzunguka kiini. Hilo ni chuma cha kwenye kiini kimekutana na salfa ya ute. Halina madhara, ila linakuonyesha yai limepikwa kupita kiasi, na kiini chake kitakuwa kikavu kama unga.

Kopo la jodari la gramu 170 likishachujwa hubaki na nyama ya gramu 120 hivi. Nusu yake inatosha mtu mmoja. Hapa pana jambo ambalo watu hulifanya nusu nusu: kuchuja maji. Kuinamisha kopo juu ya sinki haitoshi. Bonyeza kifuniko kwa nguvu ndani ya kopo mpaka yaache kutiririka, kisha mimina samaki kwenye bakuli na umpondeponde kwa uma. Usimsage akawa uji. Acha vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, ndivyo vinavyokupa kitu cha kutafuna. Ongeza yai ulilokatakata, vijiko viwili vya mtindi ule, kitunguu maji kilichokatwa vidogo sana, pilipili hoho, pilipili manga, na ndimu nusu. Chumvi usiweke kabla hujaonja. Samaki wa kopo ameshatiwa chumvi na mkate pia unayo, na WHO inashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima.

Hesabu yake: jodari gramu 15, yai 6, mtindi 2 au 3, mkate 7. Tumefika 30, na sandwichi bado inaingia mdomoni.

Kinachoangusha sandwichi nyingi ni maji. Mtu anaweka nyanya na tango asubuhi, mchana mkate umelowa, na kesho yake anapunguza kitoweo akidhani ndicho kilichomwaga. Kausha slesi kidogo kwenye kikaango kikavu, tandika jani la saladi kila upande liwe kizuizi, kitoweo kikae katikati. Nyanya na tango vibebe pembeni uongeze wakati wa kula. Mimi hupendelea kabichi: ikatwe nyembamba kama ya kachumbari, ipigwe ndimu, ifikichwe kwa mkono na kukamuliwa. Inabaki na mlio wake mdomoni hadi mchana.

Jodari wa kopo si wa kila siku kwa mfuko wa kila mtu, na wala hahitajiki kila siku. Toleo ninalolipenda kuliko hilo, nikiwa mkweli, ni la maharage yaliyobaki jana na mayai mawili. Chota maharage kikombe nusu bila mchuzi, yaponde kwa uma na kitunguu, ndimu na binzari nyembamba kidogo iliyokaangwa kikavu, yapake kwenye slesi zote mbili, kisha panga vipande vya mayai juu. Mayai yanakupa gramu 12, maharage 7 au 8, mkate 7. Jumla 26 au 27, pamoja na nyuzilishe ambazo nyama yoyote haiwezi kukupa. Ngano, kama mchele na mahindi, ina upungufu wa laisini, moja ya asidi amino ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza, na maharage yanayo kwa wingi. Maharage nayo yamepungukiwa methionini, ambayo ngano inayo. Ndiyo sababu wali na maharage, ugali na kunde, vimelisha watu wetu miaka yote hiyo bila mtu kushika kikokotoo. Wala si lazima vikutane kwenye mlo mmoja, siku moja inatosha.

Kuku nitasema machache. Kifua kilichopikwa kina gramu 31 hivi za protini kwa kila gramu 100, kwa hiyo gramu 70, kipande cha ukubwa wa kiganja bila vidole, kinakufikisha kwenye lengo pamoja na mkate. Kiache kipoe kwenye supu yake kabla ya kukichambua, kitabaki na unyevu.

Siagi ya karanga ndiyo huniletea mabishano. Ndiyo, ina protini, lakini vijiko viwili vikubwa vina gramu 7 za protini na gramu 16 za mafuta, karibu kilokalori 190. Ni mafuta mazuri, na kwa mtoto anayehitaji nguvu ni chakula bora. Ila anayeitegemea imfikishe gramu 30 atakuwa amekula kopo. Ukisaga karanga zako mwenyewe, tupa zote zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu. Sumukuvu haiondoki kwa kukaanga nyumbani. Ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 ilikuwa kwenye mahindi, lakini fangasi wanaoitengeneza wanazipenda karanga vile vile.

Soseji na ham mimi sizihesabu kama protini ya kila siku. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, mwaka 2015 liliziweka nyama zilizosindikwa kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani, na kukadiria kwamba kila gramu 50 zinazoliwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Gramu 50 ni soseji moja. Kwenye sherehe kula, sitakuja kukukagua.

Kuna jambo la joto letu ambalo maelekezo mengi ya mtandaoni, yaliyoandikwa na watu wa nchi za baridi, hayaligusi. Chakula kilichopikwa hakitakiwi kukaa zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida, na sandwichi iliyotoka nyumbani Mbagala saa kumi na moja alfajiri italiwa Posta saa saba mchana. Kama ofisini kuna friji, iwekwe humo mara ukifika. Kama haipo, gandisha chupa ndogo ya maji usiku, iviringishe pamoja na kontena ndani ya mfuko unaotunza baridi, na mchana utakunywa maji yake. Kama hata hilo ni gumu, beba mkate peke yake, ufungulie kopo dogo la samaki hapo hapo.

Jodari, na vibua pia, wana tabia yao. Wakikaa kwenye joto, bakteria hubadilisha asidi amino iitwayo histidini kuwa histamini, na ikishatengenezwa haiondoki kwa kupika wala kwa kupasha moto. Mtu hula, baada ya dakika chache uso unakuwa mwekundu, ulimi unawasha kama pilipili, kichwa kinagonga. Wengi huondoka hapo wakisema wana mzio wa samaki, kumbe samaki alilala vibaya. Kopo nalo likishafunguliwa halina kinga tena dhidi ya bakteria hao.

Kwa hiyo ile nusu ya kopo iliyobaki ihamishie kwenye chombo chenye kifuniko, iingie friji papo hapo, na iliwe ndani ya siku mbili. Kwangu huwa inaishia kwenye rosti ya nyanya na bamia usiku ule ule, pamoja na ugali.