Nukta Kung'aa Haithibitishi Kwamba Soya Inaotesha Matiti

Picha ile imerudi tena. Safari hii imepita kwenye grupu la wazazi hapa Tabora: slaidi nyeusi yenye nukta za kijani, moja imezungushiwa duara jekundu, na chini yake maandishi kwamba wanasayansi wamethibitisha soya inanasa kwenye kipokezi cha homoni ya kike (protini ya mwilini inayoipokea homoni hiyo), kwa hiyo watoto wa kiume wasipewe uji wa lishe wenye soya, wasije wakaota matiti. Sijamaliza kusoma, mama mmoja ameshaandika kwamba unga wake wote amewapa kuku. Mwingine akaniita: "Mtaalamu, si ndiyo kazi yako hii? Nukta si inaonekana?"

Inaonekana, dada yangu. Hapo ndipo tabu inapoanzia. Huko nyuma nimelijibu jambo hili kwa upole. Leo upole umeisha.

Kazi yenyewe, inaitwa maikroarei, kwa haraka. Roboti inachapa vitone vya protini kwenye slaidi ya kioo, kila kitone kidogo kuliko nanolita chache, maelfu kwenye slaidi moja. Mwaka 2000 MacBeath na Schreiber, kule Harvard, walionyesha kwamba protini zilizochapwa hivyo bado zinatambua wenzao, zikiwemo molekuli ndogo. Walitia gliseroli asilimia 40 ili vitone visikauke. Mwaka uliofuata kikundi cha Snyder, Yale, kikachapa karibu protini 5,800 za hamira. Unamwagia molekuli yenye rangi inayong'aa, unaosha, unapitisha kwenye skana. Palipong'aa pana kitu kimenasa. Basi.

Sasa tuulizane: kimenasa nini?

Chukua estradioli, homoni ya kike ya jamii ya estrojeni. Ina uzito wa daltoni 272 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli). Rangi tunazozibandika, kama zile za jamii ya Cy, kwa kawaida ni nzito kuliko homoni yenyewe. Ukishaibandika, unachokipima ni estradioli iliyobebeshwa mzigo unaoizidi. Pengine mzigo unakaa nje ya mfuko wa kipokezi, yaani shimo ambamo homoni huingia, na hauna neno, pengine unaziba mlango. Isitoshe, molekuli hizi hazipendi maji, kwa hiyo zinanata popote palipo na mafuta mafuta: kwenye plastiki ya mrija, kwenye uso wa slaidi, hata kwenye protini ambayo si kipokezi cha chochote. Ndiyo maana mtu makini hupima kwa ushindani. Anaweka homoni yenye rangi, kisha anaongeza molekuli anayoishuku, isiyo na rangi, kidogo kidogo. Ikiwa kweli inaingia kwenye mfuko ule ule, inaifukuza homoni na mwanga unapungua.

Umeelewa maana yake? Katika jaribio la namna hiyo, soya ikinasa, nukta inafifia. Aliyechora duara jekundu alitafuta nukta inayong'aa kuliko zote.

Lakini hata tukimkubalia kwamba imenasa, na jenisteini, molekuli iliyomo kwenye soya, kweli inanasa kwenye vipokezi vya estrojeni, ambavyo ni vya aina mbili, alfa na beta, tena inapendelea beta kuliko alfa, bado hajasema lolote kuhusu kinachotokea baadaye. Hapa ndipo ninapopandisha presha. Shuleni tulifundishwa kufuli na ufunguo, na mfano ule umetuharibu vichwa. Ufunguo gani unaofungua mlango wa sebuleni na papo hapo kufunga wa jikoni? Tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti, inafanya hivyo. Inaingia kwenye mfuko wa estradioli na kuifukuza vizuri kabisa; kwenye slaidi ya ushindani hutaweza kutofautisha dawa hii na homoni kwa aina ya kazi, ila kwa nguvu ya kunasa tu. Ndani ya titi inazuia estrojeni, ndiyo maana inatibu saratani. Ndani ya mfuko wa uzazi inachochea. Kwenye mifupa ya wanawake waliokoma hedhi inasaidia kuilinda. Molekuli ile ile, kipokezi kile kile.

Sababu iko kwenye kipande kidogo cha kipokezi kinachoitwa heliksi ya 12. Mwaka 1997 Brzozowski na wenzake walichapisha maumbo mawili ya alfa. Yenye estradioli, heliksi ya 12 imelala juu ya mfuko kama kifuniko, na pembeni umebaki mfereji ambamo koaktiveta, protini inayokisaidia kipokezi kuwasha kazi, inakuja kukaa kwa mfuatano wake wa amino asidi uitwao LXXLL. Yenye raloksifeni, dawa nyingine inayozuia estrojeni kwenye titi, mkono mrefu wa dawa umekisukuma kifuniko, kikaenda kulala ndani ya mfereji ule ule. Koaktiveta ikija inakuta pamekaliwa. Mwaka uliofuata ikaonekana tamoksifeni inafanya jambo la namna hiyo hiyo. Na jenisteini je? Umbo lake ndani ya beta lilichapishwa 1999, na heliksi ya 12 haikukaa pale estradioli inapoiweka. Ilikaa karibu na mkao wa dawa za kuzuia, kama raloksifeni. Hiyo ndiyo "homoni ya kike" tunayoogopeshwa nayo.

Kwa hiyo mimi napenda zaidi slaidi za kinyume: unachapa vipande vya koaktiveta na vya protini za kinyume chake, zinazozima kazi, kisha unamwaga kipokezi kikiwa na molekuli ndani yake, uone kinavutwa na nani. Angalau hapo unauliza swali linalokaribia kazi.

Nisije nikaonekana wakili wa maikroarei. Kuna mambo hatuyasemi kwa sauti. Katika nukta moja, ni sehemu gani ya protini bado imejikunja sawasawa, na ngapi zimelala kifudifudi na mfuko umebanwa kwenye kioo? Mara nyingi hakuna anayeihesabu. Kipokezi cha glukokotikoidi (homoni kama kortisoli) ni kibaya zaidi: bila Hsp90, protini msaidizi, kukishikilia, kinapoteza uwezo wa kunasa homoni yake, na wewe unakichapa peke yake halafu unaandika "hakuna kunasa". Nukta zenyewe hukauka kwa duara, pembeni nzito, katikati tupu, na programu inakupa wastani kana kwamba ni kitu kimoja. Thamani za Kd za slaidi, yaani namba za nguvu ya kunasa, mimi nazitumia kupanga nani anamzidi nani. Kuziamini kama namba kamili, hapana.

Na wanaonitetea kwa kusema "inanasa kwa udhaifu, kwa hiyo haina madhara" nao wakae chini. Efavirenzi, dawa ya VVU, inanasa kwenye alfa kwa udhaifu mno ukilinganisha na estradioli. Lakini katika damu inafika kiwango kikubwa, cha maikromola, na wapo wanaume walioota matiti wakiitumia. Udhaifu bila kiwango ni nusu ya sentensi. Spironolaktoni nayo, ambayo wagonjwa wengi wa moyo na wenye maji tumboni wanaijua: katika utafiti wa wagonjwa wa moyo uitwao RALES, wa 1999, mwanaume 1 kati ya 10 alipata kuvimba au maumivu ya matiti, dhidi ya 1 kati ya 100 waliopewa kidonge kisicho na dawa. Njia yake kubwa ni kukizuia kipokezi cha androjeni, homoni za kiume. Ungechapa vipokezi vya estrojeni peke yake, ungeiona haina hatia.

Kwa hiyo mzee akilalamika matiti, muulize vidonge kabla ya uji. Mvulana wa miaka 13 mwenye kivimbe chini ya chuchu, mara nyingi ni balehe tu na kitaondoka chenyewe. Kwa soya yenyewe, uchambuzi wa majaribio ya wanaume, wa 2010 na wa 2021, haukuona ikishusha testosteroni. Kisa kinachorudiwa sana ni cha Marekani, 2008: mwanaume wa miaka 60 aliyekuwa akinywa karibu lita 3 za maziwa ya soya kila siku. Kikombe cha mtoto hakifiki huko.

Ukitaka kweli kuihofia soya, hofia ile iliyosagwa mbichi. Ina vizuizi vya tripsini, vinavyomnyima mtoto protini uliyomnunulia, na moto ndio unaoviua. Kwa hiyo ukifika mashineni, swali la kumuuliza muuzaji wa unga ni kama soya yake ameikaanga au ameichemsha kabla ya kusaga, na kwa muda gani. Wengine watakujibu kwamba jua linatosha. Usinunue.