Maana ya tanha: kiu ya mtu anayeacha pombe katika mafundisho ya Buddha

Hapa Bukavu, mtu anapokunywa kasiksi au kanyanga kila siku mpaka kazi na nyumba vinaharibika, watu husema kwamba pombe imemshika. Kipali, lugha iliyohifadhi sehemu kubwa ya mafundisho ya Buddha, kinaligeuza neno hilo. Kina neno upadana, yaani kushika na kung'ang'ania, ambamo mwenye kushika ni mtu mwenyewe, na kinachomsukuma ashike kinaitwa tanha. Maana ya kwanza ya tanha ni kiu, kiu hiihii tunayoijua ya koo kukauka. Nimechagua kulieleza neno hili moja kwa sababu naamini linamfaa sana mtu anayetaka kuacha pombe au bangi, na pia mama au mke anayemwona akirudia tena baada ya kuapa.

Katika hotuba yake ya kwanza, ambayo mapokeo yanasema aliitoa Sarnath, karibu na Varanasi nchini India, Buddha alitaja kweli nne: kuna mateso, mateso yana chanzo, yanaweza kukoma, na iko njia ya kuyakomesha. Chanzo alichokitaja ni tanha. Hakusema kwamba mtu amelogwa, wala kwamba ni mtu mbaya tangu kuzaliwa. Jambo hilo lina uzito katika mitaa yetu, ambako mlevi hutukanwa mbele ya watoto wake kabla hajaulizwa anaumwa nini, kisha aibu ya matusi hayo humrudisha kwenye chupa.

Mafundisho yanaonyesha pia jinsi kiu inavyozaliwa. Chukua baba anayerudi nyumbani jioni kutoka soko la Kadutu, akapita mbele ya baa. Anasikia muziki na chupa zikigongana: huo ni mguso, unaoitwa phassa. Mara mwili unajibu, mate yanajaa mdomoni, au moyo unakumbuka deni lililomngoja nyumbani na kuuma: hiyo ni vedana, hisia ya utamu, ya uchungu, au isiyo upande wowote. Kutoka hapo huja tanha, na baada ya tanha huja upadana, na mkono unaingia mfukoni kutafuta franka. Hatua hizo hupita upesi kiasi kwamba yeye mwenyewe, akiulizwa kesho yake, atasema alijikuta tu amekaa mezani. Hisia huja bila kuitwa, na hakuna anayelaumiwa kwa kuwa nayo; lakini kati ya hisia na kushika upo mwanya, mwembamba sana mwanzoni, ambamo mtu anaweza kuiona kiu yake kabla hajaitii. Kwa anayeacha pombe, kazi ya kutafakari iko katika mwanya huo.

Kutafakari kwa namna hii hujengwa juu ya sati, neno ambalo asili yake ni kukumbuka. Mtu huketi kwenye kiti au mkeka kwa dakika kumi hivi, akafuata pumzi yake inavyoingia na kutoka; akili ikikimbilia deni au ugomvi wa jana, anatambua kwamba imekwenda, anairudisha polepole. Wanaoanza hudhani wameshindwa kwa sababu akili inatangatanga, kumbe kule kuirudisha ndiko zoezi lenyewe. Aliyezoea kufanya hivyo katika utulivu huweza kufanya vivyo hivyo kiu inapokuja: anaitafuta mwilini, kooni, kifuani, kwenye viganja, anaitazama ikipanda, ikifika kileleni, ikishuka. Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, aliwafundisha watu kuiona kiu kama wimbi la kupanda juu yake bila kupigana nalo. Aliyewatazama wavuvi wa sambaza kwenye ziwa Kivu upepo ukianza hahitaji maelezo mengi: mtumbwi hupanda na wimbi, kisha hushuka nalo.

Marlatt na wenzake walitengeneza mpango wa wiki 8 unaounganisha kutafakari na mbinu za kuzuia kurudia ulevi. Katika utafiti wa watu 286 uliochapishwa mwaka 2014, waliofuata mpango huo waliripoti, baada ya miezi 12, siku chache zaidi za kutumia dawa za kulevya na ulevi mzito uliopungua zaidi kuliko wale wa makundi mengine mawili yaliyotibiwa kwa njia nyingine.

Hata hivyo, mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asiache ghafla akiwa peke yake kwa kutegemea pumzi. Mwili uliozoea pombe unaweza kutetemeka, kupata degedege na hata kufa, kwa hiyo muganga wa hospitali aonwe kwanza. Na kwa watu wa Kivu nina neno la pili. Aliyepitia vita akifumba macho katika ukimya anaweza kurudishiwa yale aliyoyaona. Huyo atafakari macho yakiwa wazi, akizisikia nyayo zake ardhini, au akitembea taratibu, na aache pale kumbukumbu hizo zinapozidi.

Wengi huniuliza kama kufanya hivi ni kuacha Kanisa au msikiti. Kuitazama kiu hakudai mtu abadili dini, na anayesali anaweza kuketi na pumzi yake kabla ya sala. Anachohitaji zaidi ni wenzake, kwa maana Buddha aliihesabu sangha, jumuiya ya wanaotembea njia moja, kuwa kimbilio pamoja na yeye na mafundisho yake. Watu watatu wa mtaa mmoja wanaoacha pombe wanaweza kuanza na chumba chenye viti, wakakutana saa kumi na mbili jioni, saa ambayo baa zinaanza kujaa.