Je, wajua? Upepo kwenye breki ya mafuta hauli nguvu, unakula nafasi

Ukifunga paipu mpya ya breki ya mafuta kwenye baiskeli yako nyumbani, mara nyingi mkono wa breki hugoma kukaza. Unauvuta, unazama mpaka unagusa hendeli, na gurudumu bado linazunguka. Fundi yeyote atakwambia breki imeingia upepo. Lakini huo upepo unafanya nini humo ndani?

Kwa muda mrefu niliamini kwamba unakula nguvu: nikisukuma kwa nguvu mia, kiputo cha upepo kinameza thelathini, pedi zinazobana diski ya gurudumu zinapata sabini. Kwa imani hiyo, breki ya kwanza niliyoifunga paipu niliihangaikia kama kitu kinachovuja. Nikakaza nati ya kiungo, nikavuta mkono, nikakaza tena. Nikaizungushia nati karatasi laini kutafuta unyevu, ikatoka kavu kabisa. Na mkono ukazidi kuzama.

Nguvu ilikuwa haivuji popote, na kiputo kilikuwa hakiili. Mfaransa Blaise Pascal alishaeleza katika karne ya 17 kwamba shinikizo ndani ya kimiminika kilichofungiwa huenea sawasawa pande zote. Kiputo kikikaa katikati ya paipu, shinikizo lililo upande wa mkono ndilo lililo upande wa kalipa (kifaa cha kwenye gurudumu ambacho pistoni zake husukuma pedi zibane diski). Kinachopotea ni mwendo.

Chukua mti mrefu, usukume nao mlango mzito. Hatua moja yako ni hatua moja ya mlango. Sasa ukate mti huo katikati, upachike godoro lililokunjwa kati ya vipande viwili, usukume tena. Unapiga hatua ya kwanza, godoro linabonyea; ya pili, linabonyea zaidi; mlango umetulia. Godoro likishabanwa vya kutosha, mlango unapata msukumo wako wote, haupungui hata chembe. Ila kama nyuma yako kuna ukuta na hatua zimekwisha, mlango hautafunguka. Mkono wa breki una ukuta wake, nao ni hendeli.

Hesabu yake ndiyo iliyonishangaza. Vipimo hutofautiana kati ya breki na breki, kwa hiyo chukua hizi kama kadirio. Pistoni za kalipa zenye kipenyo cha milimita 22, mbili, zikisogea robo milimita kila moja ili pedi ziguse diski, zinahitaji milimita za ujazo kama 190 tu za mafuta. Hayo ni kama matone manne ya maji. Paipu yenye tundu la milimita 2 hubeba kiasi hichohicho katika sentimita 6 za urefu wake. Yaani sentimita 6 za upepo, urefu wa kidole kifupi, zinatosha kumeza karibu mwendo wote ambao pedi zilikuwa zikiusubiri.

Na upepo hubonyea kweli. Ukivuta breki kwa nguvu, shinikizo ndani ya paipu linaweza kufika mara 30 ya lile la hewa ya kawaida, na kiputo kinasinyaa kikabaki kama sehemu moja kwa 30. Mafuta, chini ya shinikizo hilohilo, hayapungui hata nusu ya asilimia moja. Jaribu na sirinji mbili zisizo na sindano, moja ya maji na moja ya upepo. Ziba midomo kwa kidole gumba, kisha sukuma. Ya maji ni kama imejaa chuma.

Kazi ya kufunga yenyewe ni fupi: kata paipu kwa ncha iliyonyooka, ingiza kijibomba cha ndani, ivishe paipu pete mpya ya shaba (ya zamani imeshabanwa kwa umbo la kiungo cha kwanza, haizibi vizuri mara ya pili), kaza nati kwa kipimo cha mtengenezaji. Mafuta yawe ya aina moja tu. Breki za Shimano hutumia mafuta ya madini, za Hope hutumia ya DOT (aina ya mafuta ya breki yanayotumika pia kwenye magari), na ukikosea aina, sili za mpira huharibika. Muda uuweke kwenye kutoa upepo. Ndani ya paipu nyembamba hivyo kiputo hung'ang'ania ukuta, hakipandi chenyewe. Gongagonga paipu kwa mpini wa bisibisi huku sirinji ikisukuma mafuta kutoka kwenye kalipa kwenda juu, utakiona kikichomoza kwenye mkono kiking'aa kama fedha.

Hata hivyo, si kila breki laini ina upepo. Kalipa iliyokaa upande huipinda diski kwanza kabla ya kuibana, na vidole huhisi ulaini uleule. Pampu mkono haraka mara tano. Mkono ukikaza, halafu ukalegea tena baada ya kupumzika kidogo, sababu kubwa ya kushuku ni upepo: kila mpampo umeongeza mafuta kutoka kwenye tangi dogo la mkono na kuziba nafasi iliyoliwa, na mafuta hayo yamerudi taratibu. Usipobadilika hata kidogo, legeza boliti za kalipa uinyooshe kwanza kabla ya kushika sirinji.