"Tuliwakabidhi tu": mambo yanayosemwa barazani Lamu kuhusu washukiwa wa ugaidi

"Sisi tuliwakabidhi tu, waliowatesa ni wengine."

Neno hili huniuma kuliko yote, na pale Mkunguni, kwenye baraza letu la Lamu, halikosi msemaji. Mwaka 2007, watu waliokuwa wakikimbia vita Somalia walikamatwa mpakani, wengine papa hapa kwetu Kiunga. Wakafungiwa Nairobi. Januari na Februari makumi yao, wanawake na watoto wakiwemo, hata Wakenya, wakapandishwa ndege kurudishwa Somalia, na wengi wakaishia jela za Ethiopia. Mshika miguu ya mbuzi na mshika kisu wamechinja pamoja. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Mateso, ambao Kenya iliuridhia 1997, unakataza kumpeleka mtu kunakohofiwa atateswa, na unahesabu kushirikiana na mtesaji kuwa kosa la jinai.

"Kama hana kosa, atarudi."

Ripoti ya Seneti ya Marekani ya 2014 ilihesabu watu 119 waliofungiwa kwa siri na CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Wasiopungua 26 hawakustahili kushikwa hata kwa masharti ya CIA yenyewe. Mvuvi mmoja Mtanzania alikamatwa Mogadishu 2003, akateswa gizani Afghanistan, akaachiwa 2008 bila shtaka lolote. Mvuvi, kama hawa wetu.

"Bila kipigo hawasemi." Husema, lakini husema linalotakiwa. Ibn al-Sheikh al-Libi, Mlibya aliyeshukiwa kuwa wa al-Qaeda, aliteswa Misri akadai Iraq iliwafunza al-Qaeda silaha za kemikali. Marekani ikayatumia maneno hayo kuhalalisha vita vya 2003; mwaka uliofuata akayakana.

"Penye ugaidi hakuna Katiba."

Mpeketoni, Juni 2014, tulizika watu zaidi ya 60 waliouawa na magaidi. Hofu ile naijua. Hata hivyo, kifungu cha 25 hakiruhusu mateso kwa hali yoyote, na cha 49 chataka mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24.

"Jina halimo kwenye OB, basi tena." OB ni kitabu cha matukio cha kituo cha polisi.

Nimemwona mama amesimama kaunta ya kituo na mfuko wa plastiki: kikoi, mswaki, dawa ya pumu ya mwanawe. Akaambiwa hayumo, akarudi nao nyumbani. Hakuna aliyemwambia kwamba jamaa wanaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba habeas corpus, amri ya kuilazimisha serikali imlete mtu wao mbele ya jaji. Andikeni siku hiyohiyo: saa aliyochukuliwa, nambari ya gari, nani aliona.