Kwa nini mnywaji wa miaka mingi husimulia safari ambayo hakuifunga?

Msimu wa mvua unapofika, mianzi ya Iringa na Njombe hukatwa ncha na kugemwa, na ulanzi huteremshwa ukiwa bado mtamu. Kufikia kesho yake umekwisha kuchachuka na kuwa pombe kamili. Katika vilabu vya msimu huo unaweza kumkuta mzee ambaye, ukimwamkia "Kamwene" na kumuuliza jana alikuwa wapi, atakueleza kwa utulivu kwamba alikwenda Makambako kuuza mahindi, na atakutajia hata rangi ya lori alilopanda. Mkewe anajua kwamba wiki nzima mzee hakuvuka mji wa jirani. Vijana humcheka na kumwita mwongo. Je, wajua kwamba mzee huyo hasemi uongo?

Mwongo huujua ukweli kisha akauficha, lakini mzee huyu ukweli hanao. Ubongo wake umeshindwa kuhifadhi kumbukumbu mpya, na penye pengo huchomeka kipande cha kumbukumbu ya zamani (huenda lori hilo alilipanda kweli, enzi za ujana wake) bila mwenyewe kutambua. Daktari Mrusi, Sergei Korsakoff, aliieleza hali hii mwaka 1887, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake.

Kiini chake hasa ni upungufu wa vitamini B1, yaani thiamini. Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake, na bila thiamini seli haziwezi kuigeuza sukari kuwa nishati ipasavyo. Akiba ya vitamini hii mwilini huisha ndani ya wiki chache. Mnywaji wa kupindukia hushibia pombe na kuacha ugali umepoa mezani. Kile kidogo anachokula, pombe hudhoofisha uwezo wa utumbo kufyonza thiamini iliyomo, na ini lililoumia hushindwa kuitunza. Ikiwa chakula chenyewe ni sembe, basi sehemu kubwa ya thiamini ya mahindi imekwishaondoka na pumba mashineni. Dona na maharage vingemfaa zaidi, kama angevila.

Kabla kumbukumbu haijapotea, mara nyingi mwili hutoa onyo, ambalo Carl Wernicke wa Ujerumani alilieleza mwaka 1881: mtu huchanganyikiwa, macho huchezacheza au huona kitu kimoja kama viwili, na hutembea akiyumba huku ametanua miguu. Linaloniumiza ni kwamba dalili hizi zinafanana mno na ulevi wa kawaida, hivyo ndugu humlaza wakingoja pombe imtoke, ilhali alistahili kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Huko huchomwa sindano za thiamini, tena kabla ya dripu ya glukosi au pamoja nayo, kwa sababu sukari ikitangulia peke yake huweza kumaliza thiamini iliyosalia. Tiba ikichelewa, wengi hawarudiwi na kumbukumbu zao zote.

Kumbishia mzee kuhusu Makambako hakumsaidii chochote. Wala asinyang'anywe pombe ghafla nyumbani, kwa kuwa mwili uliozoea kunywa kila siku unaweza kupata degedege la kuua. Aiache chini ya uangalizi wa daktari, huku akipewa thiamini na chakula cha kutosha.